HUDAYBIYA: SIKU MTUME (S.A.W.) ALIPOMRUDISHA ABU JANDAL

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya darsa ya Magharibi kijana mmoja alibaki msikitini wenzake walipotoka. Namjua tangu alipokuwa akisoma Juzuu Amma chuoni kwetu. Akatoa simu akanionyesha video. Mtu amefunika uso, anasema kwamba mikataba ya nchi na wasiokuwa Waislamu haina maana, pasipoti ni karatasi tu, na Muislamu akiona ndugu zake wanadhulumiwa popote pale basi ashike silaha wala asimuulize mtu. Kijana akaniuliza, "Maalim, huyu kakosea wapi?"

Sikumkaripia. Swali lake ni la haki, na mwenye kuuliza bado anataka kujua. Nikamwambia anipe siku chache nimwandikie kwa utulivu. Haya ndiyo majibu yangu kwake, na kwa kila mzazi mwenye kijana wa umri ule.

Kabla ya kumjibu mtu wa video, twende Hudaybiya. Pako nje ya Makka upande wa magharibi, kwenye njia ya zamani ya Jeddah. Leo panaitwa Shumaysi, na mahujaji wengi hupita karibu yake bila kujua. Hapo, mwezi wa Dhulqaada mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628 Miladia, dola changa ya Madina iliandikiana sulhu na adui wake mkubwa. Maneno tunayoyasikia kila siku kwenye taarifa ya habari, kama mamlaka ya nchi, balozi, mkataba, washirika, wakimbizi na sababu ya vita, yote utayakuta pale.

*WATU WA IHRAMU MBELE YA JESHI*

Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na Maswahaba wapatao 1,400 kwa nia ya Umra. Walivaa ihramu, wakaswaga ngamia wa kuchinja, na silaha yao ilikuwa upanga wa msafiri ndani ya ala yake. Kumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka mmoja tu nyuma Makureshi na washirika wao walikuwa wameizunguka Madina katika vita vya Khandaq. Pande mbili hizi zilikuwa vitani kabisa.

Makureshi waliposikia, wakamtoa Khalid bin Walid na wapanda farasi kuziba njia. Hapo Khalid bado hajasilimu. Mtume (s.a.w.) hakumwendea ana kwa ana. Akabadilisha njia, akapita mapito ya mawe magumu mpaka ngamia wake Qaswa alipopiga magoti Hudaybiya.

Sasa Makureshi wakawa na mtihani. Wakiwaruhusu, Waarabu watasema wameshindwa. Wakiwazuia, watakuwa wamewafukuza watu wa ihramu katika mwezi mtukufu, na wao ndio wanaojisifu kuwa walinzi wa Nyumba. Mtume (s.a.w.) aliwaendea kwa silaha ambayo hawakuwa na ngao yake: haki ambayo hata wao walikuwa wanaikubali.

*MJUMBE HAUAWI*

Wajumbe wakaanza kupishana. Akaja Budayl bin Warqa wa Khuzaa. Akaja Hulays, mkuu wa Ahabish, watu walioheshimu sana wanyama wa kuchinjwa. Mtume (s.a.w.) akaamrisha wale ngamia wapitishwe mbele yake awaone. Hulays akarudi akiwalaumu Makureshi kwa kuwazuia watu kama hawa. Akaja Urwa bin Masud wa Thaqif, akawa anazungumza huku mkono wake unagusa ndevu za Mtume (s.a.w.) mpaka Mughira bin Shuba akampiga mkono kwa kitako cha upanga. Pamoja na hayo Urwa alirudi salama, akawaambia watu wake kwamba amefika kwa Kisra, kwa Kaisari na kwa Najashi, lakini hajaona mfalme anayeheshimiwa na watu wake kama Muhammad anavyoheshimiwa na wenzake.

Upande wa pili, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khirash bin Umayya. Makureshi wakamkata ngamia wake miguu, na kama si Ahabish kumkinga wangemuua. Lakini hakuna mjumbe wa Makureshi aliyelipiziwa kisasi kwa hilo.

Haikuwa huruma ya siku moja. Baadaye walipokuja wajumbe wa Musaylima, mwongo aliyedai utume, wakasema maneno ya ukafiri mbele yake, Mtume (s.a.w.) aliwaeleza kwamba lau si kuwa wajumbe hawauawi angeliwaua. Naye Abu Rafi alipotumwa na Makureshi, akauona Uislamu akaupenda na akataka kubaki Madina, Mtume (s.a.w.) alikataa kumzuilia. Alimwambia arudi kwanza kwa waliomtuma, kisha moyo wake ukibaki hivyo hivyo, aje. Akarudi, kisha akaja akasilimu. Leo nchi za dunia zimeiandika kanuni ya kumlinda balozi katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961. Sisi tuliisoma katika sira kabla hatujaisikia Vienna.

*HABARI ISIYO NA UHAKIKA*

Kisha akatumwa Uthman bin Affan (r.a.), kwa sababu alikuwa na jamaa wenye nguvu Makka wa kumlinda. Akakawia. Ukaenea uvumi kwamba ameuawa. Hapo ndipo Maswahaba walipombai Mtume (s.a.w.) chini ya mti, baia ya Ridhwan, kwamba hawatakimbia.

Tafakari, ewe kijana. Watu 1,400 walio tayari kufa, na habari iliyowafikisha hapo haikuwa kweli. Uthman alikuwa hai. Allah aliwaridhia kwa ukweli wa nyoyo zao, na habari ikabainika kabla vita havijawaka. Kama bora wa umma huu walifikiwa na uvumi wa namna ile, wewe na video ya dakika mbili uliyotumiwa na usiyemjua una usalama gani? Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta.

*KARATASI YA SUHAYL*

Mwisho Makureshi wakamtuma Suhayl bin Amr. Mtume (s.a.w.) akamwita Ali bin Abi Talib (r.a.) aandike. Ali akaandika Bismillahir Rahmanir Rahim. Suhayl akakataa, akataka Bismika Allahumma kama walivyozoea. Mtume (s.a.w.) akakubali. Yakaandikwa mapatano ya Muhammad, Mtume wa Allah. Suhayl akakataa tena: lau tungekuwa tunakukubali kuwa Mtume tusingekuzuia Nyumba, andika jina lako na la baba yako. Ali hakuweza kulifuta neno lile kwa mkono wake. Mtume (s.a.w.) akalifuta mwenyewe, ikaandikwa Muhammad bin Abdillah.

Masharti yalikuwa haya. Vita visimame miaka 10. Waislamu warudi mwaka huu bila Umra, waje mwaka ujao wakae Makka siku tatu, panga zikiwa ndani ya ala. Kabila litakalo kuingia upande wa Muhammad liingie, na litakalo kuingia upande wa Makureshi liingie. Khuzaa wakaingia upande wa Mtume (s.a.w.), Banu Bakr upande wa Makureshi. Na sharti zito kuliko yote: mtu akitoka kwa Makureshi kwenda Madina bila idhini ya walii wake, arudishwe, hata kama ni Muislamu. Akitoka Madina kwenda Makka, harudishwi.

Kwa jicho la haraka ni hasara tupu. Lakini angalia alichosaini Suhayl. Makureshi walikuwa wakiwaita Waislamu watoro na waasi waliotoka kwa baba zao. Siku ile walikaa nao chini, wakaandikiana, wakakiri kwamba Madina ni dola yenye mkuu wake, yenye washirika wake, na yenye haki ya kuingia Makka. Watu wa siasa za dunia huita jambo hili kutambuliwa. Suhayl alikataa neno moja kwenye karatasi, lakini karatasi yenyewe ikampa Mtume (s.a.w.) kile ambacho miaka sita ya vita haikumpa.

*MINYORORO YA ABU JANDAL*

Wakiwa katika hali hiyo ikasikika minyororo. Akatokea Abu Jandal, mtoto wa Suhayl huyu huyu. Amesilimu, baba yake amemfunga, ametoroka kifungoni anajikokota na pingu zake mpaka akajitupa katikati ya Waislamu.

Suhayl akasema: huyu ndiye wa kwanza ninayekudai unirudishie. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba maandishi bado hayajamalizika. Suhayl akajibu kwamba basi hakuna mapatano yoyote. Mtume (s.a.w.) akamwomba amwachie huyu mmoja tu. Akakataa.

Abu Jandal akawa anawalilia Waislamu: mnanirudisha kwa washirikina, na mnaona nilivyoteswa? Watu 1,400 wanamsikia, wameshabai kufa, na panga ziko viunoni. Mtume (s.a.w.) akamwambia asubiri, Allah atamfanyia faraja yeye na wanyonge wenzake. Akamweleza kwamba tumeshafunga ahadi na watu hawa, na sisi hatuvunji ahadi.

Akarudishwa.

Huwa napata tabu kuisimulia sehemu hii kwenye darsa. Umar bin Khattab (r.a.) mwenyewe hakuweza kuivumilia. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama sisi hatuko kwenye haki, na kwa nini tukubali unyonge katika dini yetu. Akaenda kwa Abu Bakr (r.a.) na maswali yale yale, akapata majibu yale yale: yeye ni Mtume wa Allah, shikamana naye. Umar aliishi akitoa sadaka, akifunga na kuacha huru watumwa kwa hofu ya maneno aliyoyasema siku ile.

Mtume (s.a.w.) alipowaamrisha wachinje na wanyoe, hakuna aliyeinuka kwa huzuni iliyokuwapo. Akaingia kwa mkewe Umm Salama (r.a.), naye akamshauri atoke asiseme na mtu, achinje ngamia wake na amwite kinyozi. Akafanya hivyo, na wote wakainuka. Mama yetu yule aliona kitu ambacho wanaume 1,400 hawakukiona.

*MATUNDA YALIYOCHELEWA*

Njiani kurudi Madina ikateremka Surat al-Fath. Allah akaita jambo lile ushindi wa wazi, nao bado wanalia.

Kisha miaka ikaonyesha. Vita viliposimama, watu wa makabila wakaanza kukutana na Waislamu bila hofu, wakauziana, wakazungumza, wakasikia Qur-ani. Mwaka wa 7 Hijria Waislamu wakaingia Makka kwa Umra yao, siku tatu kama ilivyoandikwa. Khalid bin Walid, yule aliyeziba njia, akaja Madina kusilimu, pamoja na Amr bin Aas. Waliokuwa Hudaybiya walikuwa 1,400. Chini ya miaka miwili baadaye, Mtume (s.a.w.) alitoka kuelekea Makka na watu 10,000.

Na neno la mkataba lilisomwa kwa umakini. Alipohama Umm Kulthum bint Uqba na ndugu zake wakamfuata, hakurudishwa. Surat al-Mumtahana ilikataza kuwarudisha wanawake waumini, na katika riwaya ya Bukhari sharti la Suhayl lilitaja mwanamume. Kutimiza mkataba hakumaanishi kumpa mwenzako zaidi ya alichoandika.

Ama kuvunjika kwake, waliovunja ni Makureshi. Banu Bakr waliwashambulia Khuzaa usiku, nao Makureshi wakawasaidia kwa silaha na watu. Kumpiga mshirika wa Madina kukawa ni sawa na kuipiga Madina. Amr bin Salim wa Khuzaa akaja kushitaki, na Abu Sufyan alipokwenda kuomba mkataba upigwe upya hakupata kitu. Mwezi wa Ramadhani mwaka wa 8 Hijria Makka ikafunguliwa. Suhayl naye akasilimu, baba na mwana wakawa dini moja.

*HOJA YA ABU BASIR*

Najua mtu wa video atakuletea kisa cha Abu Basir, kwa hiyo nikikutangulize. Abu Basir alikimbia Makka akafika Madina. Makureshi wakatuma watu wawili kumdai, na Mtume (s.a.w.) akamkabidhi kwao. Njiani akamuua mmoja, akarudi Madina. Mtume (s.a.w.) hakumpongeza wala hakumpa hifadhi. Alisema maneno ambayo Abu Basir alifahamu kwayo kwamba atarudishwa tena. Akaenda zake pwani ya bahari, wakamfuata Abu Jandal na wanyonge wengine, wakawa wanaizuia misafara ya Makureshi, mpaka Makureshi wenyewe wakamwomba Mtume (s.a.w.) awachukue Madina. Sharti walilolishikilia siku ya Hudaybiya wakaomba wenyewe liondolewe.

Wanakichukua kisa hiki kama ruhusa ya kila mtu kujifanyia. Hawasemi kwamba Abu Basir hakuwa na ahadi yoyote na Makureshi. Alikuwa mateka anayekimbia watesi wake. Hakuingia nchi ya mtu kwa amani kisha akaua, na hakuwa mtu wa Madina anayekwenda kinyume cha mkataba wa Madina.

Wewe una ahadi. Umezaliwa katika nchi, una kitambulisho chake, unalindwa na sheria zake, unaswali na kuadhini humo. Ukisafiri, unaingia kwa viza, na viza wanazuoni wengi wa zama zetu wameihesabu kuwa ni mkataba wa amani: wao wanakuaminisha, na wewe unawaaminisha. Mafakihi wetu wa Kishafi walikwisha kusema zamani kwamba Muislamu aliyeingia kwa amani hata katika nchi ya maadui haimhalalikii kuwadhuru nafsi zao wala mali zao.

Na akikwambia ndugu zako wanadhulumiwa, msomee Surat al-Anfal, aya ya 72. Allah anawataja waumini wasiohama wanaoomba msaada katika dini, na anawajibisha wasaidiwe, isipokuwa dhidi ya watu ambao mna ahadi nao. Aya ya 58 ya sura hiyo hiyo inafundisha kwamba mkuu akichelea khiyana, mkataba urudishwe hadharani, pande zote zijue. Hakuna mlango wa kuvunja kwa siri.

Hudhayfa bin Yaman (r.a.) na baba yake walikamatwa na Makureshi kabla ya Badr, wakaachiwa kwa kuahidi kwamba hawatapigana. Waislamu siku ile walikuwa kiasi cha 300 tu, na kila mkono ulihitajika. Mtume (s.a.w.) akawaamrisha watimize ahadi yao. Muawiya (r.a.) naye aliposogeza jeshi karibu na mpaka wa Warumi ili muda wa mkataba ukiisha awavamie, Amr bin Abasa (r.a.) alimjia juu ya mnyama wake akipaza sauti kwamba ni kutimiza, si khiyana. Muawiya akarudi na jeshi lake.

*NENO LA MWISHO*

Kijana wangu, mtu wa video kakosea hapa: anadhani ahadi ni ngao ya mnyonge, na mwenye imani ya kweli huivunja. Siku ya Abu Jandal inasema kinyume chake. Ahadi inapimwa siku inapouma. Lau Mtume (s.a.w.) angemshika Abu Jandal siku ile, angeokoa mtu mmoja, na karatasi ingechanika kabla wino haujakauka. Hapo nani angeliamini neno la Madina tena? Alilinda neno lake, na Allah akamtoa Abu Jandal kwa mlango mwingine, pamoja na Makka nzima.

Uchungu wako kwa wanaodhulumiwa ni imani, usiuzime. Waombee, toa mali yako kwa njia zinazojulikana, sema kweli hadharani. Lakini damu usiiguse.

Na nyinyi wenye mamlaka, ahadi ina pande mbili. Kijana akichukuliwa usiku na mama yake haambiwi yuko kituo gani, ahadi imevunjwa pia, na kila mlango unaovunjwa hivyo unampa mtu wa video msikilizaji mpya. Usalama wa nchi unaanza kwa raia kuamini kwamba neno la serikali yake ni neno.

Wazazi, kaeni na watoto wenu wanaouliza. Anayeuliza kwako hatakwenda kuuliza kwa aliyefunika uso.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza ahadi, awape faraja wanyonge wa umma huu popote walipo, na awahifadhi vijana wetu. Amin.

Wallahu aalam. Ukiona lina faida, mfikishie mwenzako.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.